Harriette Chick, matege na vitamini D: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yafuatayo yanahusu maisha ya utafiti ya Harriette Chick, mwanasayansi wa Uingereza ambaye kazi yake ya Vienna, kati ya mwaka 1919 na 1922, ilithibitisha kwamba matege ya watoto wachanga yanaweza kuzuiwa na kutibiwa kwa mafuta ya ini la samaki, na kwa mwanga vilevile. Yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, wauguzi, wazazi na msomaji yeyote anayetaka kujua jinsi elimu ya vitamini D na mifupa ilivyopatikana. Maswali ya mwanzo yanamhusu yeye. Ya mwisho yanahusu hali ya leo, ikiwa ni pamoja na Afrika, ambako jua ni jingi na bado matege yapo.

Harriette Chick alikuwa nani?

Alizaliwa London tarehe 6 Januari 1875 katika familia ya wafanyabiashara wa lesi, familia ya Kimethodisti iliyoshika dini sana lakini iliyowasomesha mabinti wake kwa bidii isiyo ya kawaida wakati ule. Alisoma University College London, akatumia ufadhili wa masomo kufanya utafiti wa bakteria mjini Vienna na Munich, na mwaka 1904 akatunukiwa shahada ya uzamivu ya sayansi. Mwaka uliofuata alijiunga na Taasisi ya Lister, iliyokuwa kituo kikuu cha utafiti wa tiba na kinga huko Chelsea, London, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 1945. Alifariki tarehe 9 Julai 1977 akiwa na umri wa miaka 102.

Aliwezaje kuajiriwa kama mtafiti wakati ambapo maabara hazikupokea wanawake?

Aliomba nafasi ya utafiti katika Taasisi ya Lister kwa kuhimizwa na Charles Sherrington, mwanafiziolojia ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Ombi hilo lilizua mtafaruku, kwa kuwa wanasayansi wawili wa taasisi walimsihi mkurugenzi asithubutu kumwingiza mwanamke miongoni mwao. Mkurugenzi huyo, Charles Martin, hakuwasikiliza. Alimpokea, akawa mshirika wake katika majaribio kwa miaka mingi, na ni vigumu kuisimulia kazi ya mmoja wao bila kumtaja mwenzake. Tunataja jambo hili kwa sababu timu aliyoiongoza Vienna baadaye ilikuwa, karibu yote, timu ya wanawake wenye taaluma, na wasingekuwapo kama mlango huo usingefunguliwa mwaka 1905.

Je, alianza na utafiti wa mifupa moja kwa moja?

Hapana. Alifika kwenye mifupa akiwa na umri wa miaka 44, akipitia njia ambayo kwa nje inaonekana haina uhusiano na mifupa hata kidogo. Utafiti wake wa kwanza mkubwa ulihusu dawa za kuulia vijidudu. Mwaka 1908 alionyesha kwamba bakteria wanaowekwa kwenye dawa hawafi wote kwa mkupuo mmoja, bali katika kila kipindi cha muda hufa sehemu ileile ya wale waliobaki hai. Kanuni hiyo, ikiunganishwa na ile ya Herbert Watson ya mwaka huohuo, inajulikana hadi leo kwa majina yao mawili, na wahandisi wa maji huitumia wanapokadiria muda wa kutibu maji kwa klorini. Yeye na Martin walibuni pia kipimo cha dawa hizo ambacho kiliweka uchafu ndani ya majaribio, kwa hoja kwamba dawa inayoua vijidudu kwenye maji safi ya maabara inaweza kushindwa kabisa penye kinyesi, yaani mahali ambapo inahitajika zaidi.

Msomaji akiuliza jambo hili linahusiana vipi na matege, jibu langu ni kwamba linahusiana sana. Chick alikuwa na tabia ya kupima kwa hesabu kile ambacho wengine walikieleza kwa maneno tu, na ya kutaka jaribio lifanane na maisha halisi ya watu.

Alihamiaje kwenye masuala ya lishe?

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyomhamisha. Mwanzoni alitengeneza seramu za pepopunda na za kutambua homa ya matumbo, kisha akaombwa, pamoja na wenzake, kutafuta namna ya kuwakinga askari dhidi ya beriberi na kiseyeye, magonjwa mawili yanayotokana na chakula kukosa vitamini. Kwa beriberi, waliona kwamba hamira na mayai yaliyokaushwa yalifaa kusafirishwa hadi kwenye medani za mbali. Kwa kiseyeye, yeye na Margaret Hume walilinganisha kwa wanyama wa maabara nguvu ya maji ya ndimu na ya malimau, wakakuta kwamba ndimu zilikuwa dhaifu kwa mbali. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1918, yalieleza kitendawili cha muda mrefu: kwa nini kinga iliyokuwa imewaokoa mabaharia wa Kiingereza enzi za malimau ya Mediterania ilipoteza sifa yake baada ya jeshi la majini kugeukia ndimu za visiwa vya Karibi. Walionyesha pia kwamba kunde na dengu kavu, ambazo zikiwa kavu hazizuii kiseyeye, hupata uwezo huo zikiloweshwa na kuachwa zichipue.

Kwa nini alikwenda Vienna?

Baada ya vita Vienna ilikuwa mji wenye njaa. Dola ya Austria na Hungaria ilikuwa imevunjika, mashamba yaliyoulisha mji yalikuwa yamebaki ng'ambo ya mipaka mipya, na maziwa, siagi na mafuta vilikuwa adimu. Taarifa zilifika London kwamba matege na kiseyeye vimeenea miongoni mwa watoto, na kwamba watu wazima nao wanavunjika na kupinda mifupa. Mwaka 1919 kamati ya Uingereza ya utafiti wa vitamini, iliyoundwa na Taasisi ya Lister pamoja na baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo, ilimtuma Chick pamoja na Elsie Dalyell, daktari kutoka Australia, wakaangalie hali ilivyo. Baadaye walijiunga nao Margaret Hume, Helen Mackay na Hannah Henderson Smith. Upande wa wenyeji, Hans Wimberger alishughulikia picha za eksirei.

Mwenyeji wao alikuwa Clemens von Pirquet, mkuu wa kliniki ya watoto ya Chuo Kikuu cha Vienna, mtu mwenye jina kubwa katika tiba ya watoto kutokana na kazi yake kuhusu mzio na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Pirquet hakuamini kwamba chakula kinasababisha matege; aliuona ugonjwa huo kuwa wa kuambukiza. Hata hivyo aliwapa wageni wake wodi, vitanda, wauguzi na uhuru wa kufanya jaribio ambalo lingeweza kumkanusha, na lilipomkanusha alikubali hadharani. Mara nyingi sifa yote ya kazi hii huenda kwa Chick, nami naona ni haki sehemu yake imfikie Pirquet.

Matege ni ugonjwa gani hasa?

Mfupa wa mtoto hurefuka kutokea kwenye tabaka la gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, lililo karibu na ncha zake. Gegedu hilo hukua, kisha madini ya kalsiamu na fosforasi hujipanga ndani yake na kulifanya kuwa mfupa mgumu. Madini hayo yakipungua, gegedu huendelea kukua bila kukomaa, tabaka lake likanenepa na kuwa na kingo zisizo sawa, na mfupa uliokwisha kuundwa ukabaki laini. Ndiyo maana mtoto mwenye matege huvimba kwenye vifundo vya mikono, huota vinundu kwenye kifua pale mbavu zinapokutana na gegedu, huchelewa kufunga utosi, kukaa na kutembea, na akianza kusimama miguu yake hupinda kwa uzito wa mwili. Kwa msichana madhara yangeweza kudumu hadi utu uzima, kwa kuwa nyonga iliyojikunja utotoni humfanya ashindwe kujifungua. Watu wengi huuona ugonjwa huu kuwa suala la sura ya miguu tu, lakini katika miji ya Ulaya ya wakati ule uliwaua akina mama miaka ishirini au zaidi baada ya kuwapata.

Kabla ya utafiti huo, wataalamu walidhani chanzo chake ni nini?

Palikuwa na mvutano mkali. Kundi la watafiti wa Glasgow, Scotland, lilisisitiza kwamba chanzo ni kufungiwa ndani, kukosa hewa safi na kukosa mazoezi. Huko London, Edward Mellanby alikuwa amewalisha watoto wa mbwa mlo wa nafaka na maziwa machache, akawafanya wapate matege, kisha mwaka 1919 akatangaza kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya kodi yanauzuia ugonjwa. Mwaka huohuo, Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa ya zebaki yenye kioo cha kwatzi, inayotoa mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho ambayo jua nalo huitoa. Kabla yao wote, mwaka 1890, Theobald Palm, daktari mmisionari aliyewahi kufanya kazi Japani, alikuwa amelinganisha nchi na nchi na kuhitimisha kwamba matege huandama miji isiyo na jua.

Kila upande ulikuwa na ushahidi wa kweli mkononi, na kila upande uliuchukulia ushahidi huo kuwa unaufuta ule wa upande wa pili. Mbwa wa Mellanby hawakumshawishi mtu wa Glasgow, kwa kuwa mbwa si mtoto wa binadamu. Lililokosekana ni jaribio la watoto wenyewe, lenye ulinganisho wa kweli.

Utafiti wa Vienna ulifanywaje?

Chick na wenzake waliwagawa watoto wachanga wa wodini katika makundi mawili yaliyoishi katika jengo moja, chini ya usafi uleule, uuguzi uleule na hewa ileile. Kundi la kwanza lilipewa mlo wa kawaida wa kliniki hiyo, uliokuwa wa maziwa yaliyoongezwa sukari. Kundi la pili lilipewa maziwa yenye mafuta yake yote pamoja na mafuta ya ini la kodi. Watoto walipimwa uzito na kuchunguzwa kwa mkono, na mifupa yao ilipigwa picha za eksirei kila baada ya muda maalumu. Hapa ndipo palipo na nguvu ya utafiti huo. Daktari anayepapasa kifundo cha mtoto anaweza kuona kile anachotaka kukiona, lakini picha huonyesha ukingo wa mfupa kama ulivyo, na inaweza kulinganishwa na picha ya mwezi uliopita, tena na mtu asiyejua mtoto yule alikula nini.

Majira ya baridi yalipofika, watoto wa mlo wa kawaida walianza kuonyesha dalili za matege, mmoja baada ya mwingine, ilhali wale waliopata mafuta ya ini la kodi walisalimika. Kama chanzo kingekuwa maambukizi, ugonjwa ungepita kutoka kitanda hadi kitanda bila kujali chupa ya maziwa. Haukupita. Hadi hapo upande wa lishe ungeweza kutangaza ushindi, na mtafiti mwenye haraka angefunga mizigo na kurudi nyumbani.

Lakini majira ya joto yalileta jambo ambalo nadharia ya lishe peke yake haikuweza kulieleza, kwani hakuna mtoto aliyeanza kuugua wakati huo, hata miongoni mwa wale waliokula mlo duni. Chakula hakikubadilika, kilichobadilika ni jua. Timu ikaligeuza swali hilo kuwa jaribio jingine. Katika majira ya baridi yaliyofuata, watoto waliokwisha kupata matege walitibiwa kwa njia tofauti: baadhi kwa mafuta ya ini la kodi, na baadhi kwa taa ya zebaki huku wakiendelea na mlo uleule uliowaacha wakaugua. Picha za eksirei zilionyesha kupona kwa namna ileile kwa makundi yote mawili, madini yakirudi kwenye ukingo wa mfupa kwa mstari uleule. Kuwatoa watoto nje juani wakati wa kiangazi kulileta matokeo hayohayo. Ripoti kamili ilichapishwa mwaka 1923 na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza.

Kwa maoni yangu, ukubwa wa Chick katika kazi hii ni kwamba hakuchagua upande. Alifika Vienna akiwa mtu wa vitamini, ametumwa na kamati ya vitamini, na bado alipoona kiangazi kinaponya alikifuatilia kwa uangalifu uleule aliokuwa ameutumia kwa mafuta.

Je, haikuwa dhuluma kuwaacha baadhi ya watoto bila mafuta ya ini la kodi?

Swali hili linaulizwa kwa haki. Mlo wa kundi la kwanza haukubuniwa ili kuwadhuru watoto. Ulikuwa mlo uleule ambao kliniki iliwapa watoto wake wote, uliopangwa na daktari mkuu mwenye kuamini kwamba unatosha. Mtoto alipoonyesha dalili za ugonjwa alitibiwa, akapona. Sharti pia likumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na aliyejua kwa uhakika kwamba mafuta yanakinga, na kwamba mji mzima ulikuwa unakosa mafuta. Pamoja na hayo yote, jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, kwa sababu leo jibu linajulikana, na kwa sababu idhini ya mzazi baada ya kuelezwa kikamilifu ni sharti ambalo kanuni za wakati ule hazikulitambua kama tunavyolitambua sasa.

Inawezekanaje mafuta ya samaki na mwanga viponye ugonjwa mmoja?

Vienna ilithibitisha kwamba inawezekana, lakini haikueleza kwa nini. Maelezo yalikuja kwa hatua, na moja ya hatua hizo ilipigwa na watu wa timu hiyohiyo. Mwaka 1923 Hume na Smith waliripoti kwamba panya waliowekwa katika vyombo vya kioo vilivyomulikwa kwa taa ya zebaki walikua vizuri ingawa wenyewe hawakumulikwa. Wakadhani hewa ya ndani ndiyo iliyobeba athari ya mwanga. Walipolichimba zaidi jambo hilo wakagundua kwamba siri ilikuwa kwenye vumbi la mbao lililotandikwa chini, ambalo lilimulikwa pamoja na chombo na kisha likaliwa na panya. Mwaka 1924 Harry Steenbock huko Wisconsin, na Alfred Hess huko New York, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba vyakula visivyo na uwezo wowote dhidi ya matege huupata vikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno.

Maana yake ni kwamba mwanga hauponyi mfupa moja kwa moja, bali huitengeneza dawa. Katika ngozi yetu kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli ambayo, ikipigwa na mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 290 hadi 315, huvunjika mahali pamoja na kugeuka kuwa vitamini D. Ini la samaki huwa na vitamini hiyohiyo ikiwa tayari imekwisha kuundwa. Adolf Windaus wa Göttingen alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1928 kwa kazi yake juu ya kemikali za jamii hiyo na uhusiano wake na vitamini. Miongo minne baadaye ikafahamika kwamba hata vitamini D yenyewe bado si dawa kamili. Ini la binadamu huibadilisha mara ya kwanza, jambo lililoonyeshwa na maabara ya Hector DeLuca mwaka 1968, na figo huibadilisha mara ya pili, kama walivyoonyesha David Fraser na Egon Kodicek wa Cambridge mwaka 1970. Umbo hilo la mwisho ndilo linaloyaamuru matumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula.

Je, Chick ndiye aliyegundua vitamini D?

La. Kama ni lazima kutaja mtu mmoja, mara nyingi hutajwa Elmer McCollum wa Marekani, ambaye mwaka 1922 alionyesha kwamba mafuta ya ini la kodi yakipashwa moto na kupulizwa hewa hupoteza vitamini A lakini huendelea kuponya matege, hivyo lazima yawe na kitu cha pili. Akakipa herufi iliyofuata, D. Alichofanya Chick ni kuthibitisha kwa watoto wa binadamu, kwa ulinganisho na kwa picha, kwamba ugonjwa huu ni wa upungufu, kwamba una njia mbili za kuzuiliwa, na kwamba majira ya mwaka ni sehemu ya chanzo chake. Bila uthibitisho huo, wizara za afya zisingekuwa na msingi wa kugawa mafuta ya ini la kodi kwa watoto wote kama zilivyofanya baadaye.

Watu wazima wa Vienna walisaidiwaje?

Mwaka 1921 Dalyell na Chick walichapisha maelezo ya wagonjwa, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, waliokuwa na maumivu ya mgongo, nyonga na miguu kiasi cha kushindwa kupanda ngazi. Mifupa yao ilikuwa imelainika kwa njaa. Walipopewa nyongeza ya mafuta walipata nafuu, na mafuta ya ini la kodi yalifanya kazi vizuri kuliko mengine.

Aliendelea kuchunguza mifupa hadi mwisho wa maisha yake?

Hakuendelea na mifupa pekee. Miaka ya 1930 aligeukia vitamini za kundi B na ugonjwa wa pelagra unaowapata watu wanaotegemea mahindi, na kuanzia mwaka 1934 hadi 1937 alikuwa katibu wa kamati ya Shirika la Mataifa iliyoshughulikia misingi ya lishe ya binadamu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, idara yake ilihamishiwa Cambridge, nyumbani kwa Charles Martin, ambako walichunguza thamani ya unga wa ngano usiokobolewa sana na ya protini ya viazi, maswali yaliyohusu moja kwa moja mkate wa wananchi wa Uingereza wakati wa vita. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanalishe wa Uingereza mwaka 1941 na rais wake kuanzia 1956 hadi 1959. Mwaka 1949 alipewa heshima ya kitaifa ya kuitwa Dame. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 101, alichapisha katika jarida la historia ya tiba kumbukumbu yake ya utafiti wa Vienna, iliyoandikwa kwa ufasaha na kwa kuwataja wenzake wote.

Kama jua linazuia matege, kwa nini ugonjwa huu upo Afrika?

Swali hili Chick asingeweza kulijibu kwa ushahidi wa Vienna, mji ulio kwenye latitudo ya nyuzi 48 kaskazini, ambako jua la majira ya baridi huwa chini mno kiasi kwamba mionzi inayohitajika haifiki ardhini kwa kiasi cha kutosha. Karibu na ikweta mionzi hiyo ipo mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao za asili, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiasi kilicho zaidi ya mara mbili ya nanomoli 50 ambazo wataalamu wengi huziona kuwa zinatosha kwa mifupa. Inapendeza kwamba matokeo hayo yalitolewa katika jarida la chama kilekile cha wanalishe ambacho Chick alishiriki kukianzisha.

Hata hivyo jua huko nje halimsaidii mtoto aliyefungiwa ndani. Kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote inayotengeneza vitamini D, ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe, na mtoto anayelelewa katika chumba kimoja cha mji uliobanana, au anayefunikwa mwili mzima kila anapotolewa, anaweza kupungukiwa ingawa jua linawaka juu ya paa la nyumba yake. Kundi hilo linafanana sana na watoto wa Vienna.

Kuna kundi la pili ambalo halifanani nao kabisa. Huko Jos, Nigeria, Tom Thacher na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti wa watoto 123 wenye matege, ambao chakula chao kilikuwa na takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Watoto waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Vitamini D huyawezesha matumbo kufyonza kalsiamu, lakini haiwezi kufyonza kisichokuwemo kwenye sahani. Kwa hiyo mtoto anayekula uji wa nafaka tupu, bila maziwa, bila dagaa wanaoliwa na mifupa yake na bila mboga za majani, anaweza kupinda miguu hata akicheza juani kutwa. Ni muhimu wahudumu wa afya wa nchi zetu wayajue makundi yote mawili, kwa sababu tiba hazilingani.

Mtu mzima mwenye afya anahitaji kumeza vidonge vya vitamini D?

Kwa wengi jibu ni hapana. Mapendekezo ya Marekani ni mikrogramu 15 kwa siku kwa mtu mzima na 20 kwa aliyevuka miaka 70. Uingereza hupendekeza mikrogramu 10. Kiasi hicho hukusudiwa kuzuia upungufu. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowafuatilia watu 25,871 wa makamo na wazee, nusu yao wakipewa mikrogramu 50 kila siku kwa takriban miaka mitano, na waliopewa hawakuvunjika mifupa kwa uchache kuliko wenzao. Watu hao kwa jumla hawakuwa na upungufu, na hilo ndilo fundisho lenyewe: vitamini huponya upungufu wake, na asiye na upungufu haongezewi mfupa. Kuzidisha kuna madhara pia. Huko Australia, wanawake wazee waliopewa dozi moja kubwa ya mikrogramu 12,500 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika mara nyingi zaidi kuliko wale wasiopewa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2010. Wanaostahili kuzingatiwa ni wazee wasiotoka ndani, wajawazito wasiopata jua, wagonjwa wa figo, ini au matumbo, na watu wenye ngozi nyeusi wanaoishi nchi za baridi, wakiwemo Waswahili wengi walioko Ulaya na Amerika Kaskazini.

Mtoto anayenyonya anapata vitamini D ya kutosha kwenye maziwa ya mama?

Kwa kawaida hapana. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto mchanga, lakini yana vitamini D kidogo. Mapatano ya kimataifa ya wataalamu kuhusu matege, yaliyotolewa mwaka 2016, yanapendekeza mtoto mchanga apewe mikrogramu 10 kila siku katika mwaka wake wa kwanza, namna yoyote anavyolishwa. Dozi hiyo ni ya matone yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na mzazi asikadirie kwa kijiko kutoka kwenye chupa ya watu wazima. Kupinda kidogo kwa miguu kabla ya umri wa miaka miwili ni jambo la kawaida na mara nyingi hunyooka kwenyewe. Mtoto ambaye vifundo vyake vya mikono vimevimba, ambaye mbavu zake zina vinundu, anayelia akishikwa, anayechelewa kutembea, au ambaye kupinda kwa miguu yake kunaongezeka, apelekwe hospitalini akapigwe picha ya kifundo cha mkono au ya goti na kupimwa damu, kwa kuwa ukingo wa mfupa ulioonekana kwenye picha za Wimberger ndio huohuo ambao daktari wa leo anauangalia kabla ya kuamua kama mtoto anahitaji vitamini D, kalsiamu, au vyote viwili.